Shajara ya mradi: madungu matatu ya mtini kwa kulungu wa Novemba, kusini-mashariki mwa Ohio

Eneo na mpango

Ardhi ni ekari 80 za mtu binafsi katika kaunti ya Athens, Ohio, nchi ya vilima vyembamba na makorongo. Mgongo wa kilima unatoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Kwenye ncha ya kaskazini-magharibi miti ilikatwa miaka kadhaa iliyopita, na sasa pameota kichaka kizito cha miiba na miche. Humo ndimo majike hulala mchana. Katikati ya mgongo kuna kipito, pale kilima kinapoinama kidogo kabla ya kuinuka tena. Upande wa kaskazini-mashariki, theluthi ya juu ya mteremko, kuna kitambarare chembamba kinachofuata kilima hadi kwenye kichwa cha korongo lenye kingo za wima. Upande wa kusini-magharibi, bondeni, kuna shamba la soya. Kuingia ni kwa barabara ya zamani ya magogo, kutoka kusini-mashariki.

Mnyama ni kulungu mkia-mweupe, yule ambaye dume wake huangusha pembe kila mwaka baada ya msimu na kuota nyingine. Kazi ni kufunga madungu matatu juu ya miti, kila moja kwa upepo wake, yatumike hasa kuanzia wiki ya mwisho ya Oktoba hadi katikati ya Novemba, wakati madume yanapotafuta majike mchana kweupe.

Ohio inafaa kwa kazi hii kuliko majimbo mengi. Msimu wa mishale unafunguliwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Februari, lakini wiki ya bunduki haianzi mpaka Jumatatu inayofuata sikukuu ya Thanksgiving, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Maana yake ni kwamba kilele cha kupandana kimeachiwa karibu chote wenye pinde. Kwa upande mwingine, kila mwindaji anaruhusiwa dume mmoja tu mwenye pembe kwa msimu mzima, jimbo zima. Ukimpiga mdogo, umemaliza.

Kibali cha mwenye ardhi lazima kiwe cha maandishi. Kinakaa kwenye mfuko mmoja na leseni na kibali cha kulungu, ndani ya karatasi ya nailoni, kwa sababu mvua ya Novemba haichagui.

Machi: kusoma ardhi

Machi ni mwezi mzuri kuliko Septemba kwa kazi hii. Majani yameanguka, theluji imeyeyuka, na alama za Novemba iliyopita bado zinaonekana: magome yaliyosuguliwa na pembe, miparuzo ya kwato za madume ardhini chini ya matawi yaliyotafunwa, na njia zilizochimbika kwenye udongo wa mteremko. Hata ukimkurupua jike kwenye malalo yake, ana miezi saba ya kusahau.

Kilichoandikwa kwenye ramani ni hiki. Njia kubwa za majike zinatoka kichakani, zinapita kwenye mialoni ya mgongoni, kisha zinateremka hadi kwenye soya. Njia za madume ni hafifu zaidi na zinakatiza zile za majike badala ya kuzifuata. Iliyo wazi kuliko zote iko kwenye kitambarare cha kaskazini-mashariki. Huku upepo wa kawaida unatoka kusini-magharibi na magharibi, kwa hiyo upande huo ndio ulio kinga. Dume anayetembea mita chache chini ya mgongo hupata harufu inayoletwa na upepo kutoka upande wa pili wa kilima, na jua likishapasha mteremko hupata pia ile inayopanda kutoka chini. Anakagua kilima kizima bila kujionyesha.

Njia hiyo, ikifika kwenye korongo, haina pa kwenda ila kuzunguka kichwa chake. Dungu B likakaa hapo. Upepo wa kusini-magharibi unabeba harufu ya mwindaji hadi ndani ya korongo, mahali ambapo kingo ni za wima mno na kulungu hapiti.

Dungu A ni la kipitoni, upande wa kusini-mashariki wa mahali njia inapovuka mgongo, kwa siku za upepo wa kaskazini-magharibi unaokuja nyuma ya mvua ya baridi. Dungu C liko kona ya kusini-mashariki ya shamba la soya: jioni tu, Oktoba zaidi ya Novemba.

Miparuzo haikupewa dungu lolote. Inavutia macho, na kila mgeni hutaka kukaa juu yake, lakini sehemu kubwa ya ziara za miparuzo hufanyika usiku. Madume hufuata majike. Palipo na majike ndipo pa kufunga.

Agosti: kuchagua miti na kufunga

Mtego wa Agosti ni majani. Mti unaoonekana umekuficha vizuri leo utakuwa mtupu Novemba 5. Mitulipu hupukutisha mapema na kubaki nguzo. Mialoni michanga hushikilia majani makavu ya kahawia mpaka majira ya baridi, na shina lenye pacha huvunja umbo la mtu hata bila jani moja. B limefungwa kwenye mwaloni mweupe wenye mashina mawili, A kwenye mwaloni mwekundu wenye mwaloni mchanga mgongoni.

Iliyokataliwa: hikori yenye magome ya kubanduka, kwa kuwa mkanda haushiki sawasawa na magome hulia, na kila eshi bila kujali unene. Mdudu wa kijani atobowaye eshi aligunduliwa Ohio mwaka 2003 na tangu hapo misitu imejaa eshi zilizokufa zimesimama. Shina linaonekana zima, ndani limekauka na kuwa dhaifu.

Madungu ni ya kuning'iniza, ya aluminiamu, na kila moja linapandwa kwa vipande vitano vya ngazi. Kipande kimoja kina urefu wa sentimita 80, na pengo la sentimita 45 huachwa kati ya kimoja na kingine. Jukwaa liko mita 5.5 kutoka ardhini, na kipande cha mwisho kinapita juu ya jukwaa kwa zaidi ya nusu mita. Sababu ni ya usalama: unashuka kuingia jukwaani, hupandi kwa kujivuta. Watu wengi huanguka katika hatua hiyo moja, kutoka ngazini kwenda jukwaani, au kinyume chake gizani.

Wakati wa kufunga, fundi huvaa mikanda ya usalama ya mwili mzima na mkanda wa kuzunguka mti, kama ule wa mafundi wa nguzo za umeme, ili mikono yote miwili iwe huru. Dungu likishakazwa, kamba ya usalama hufungwa juu ya kichwa cha mtu aliyesimama jukwaani na kuteremshwa hadi chini, ikiwa na fundo la prusiki, linaloteleza kwa mkono na kukaza kwa uzito, na karabina, yaani kiungio cha kujifungia. Mpandaji hujiunga akiwa bado ardhini na kulisukuma fundo juu kadiri anavyopanda. Akishakaa, kamba fupi ya mgongoni ibaki na ulegevu mdogo sana. Kamba ndefu inamwacha mtu aning'inie chini ya jukwaa asipoweza kulifikia, na mikanda ya mapajani ikibana damu kwa dakika kadhaa, hali hugeuka hatari ya kifo. Kwa hiyo kila mfuko una kitanzi cha kukanyagia, cha kuondoa uzito mapajani wakati wa kujiokoa. Mikanda iliyowahi kubeba anguko hutupwa, hata ikionekana mipya.

Juu zaidi ya mita 5.5? Hapana. Ukiwa umesimama, mshale unaanzia karibu mita 7 juu ya ardhi. Kulungu aliye mita 18 kutoka shinani unampiga kwa pembe ya kama digrii 20, na mshale unapita katika mapafu yote mawili. Aliye mita 5 unampiga kwa kama digrii 50: mshale unaingia juu ya mgongo, unachana pafu moja, na mnyama mwenye pafu moja anaweza kwenda mbali sana. Kila mita unayoongeza inakuficha kidogo na kuharibu pembe zaidi. Kwa hiyo miti yote mitatu imechaguliwa iwe mita 14 hadi 20 kando ya njia, si juu yake.

Jukwaa limeelekezwa ili njia iwe upande wa kushoto wa mpigaji wa mkono wa kulia, maana huko huvuta upinde bila kugeuza miguu. Vichochoro vya kupigia ni vitatu kwa kila dungu, upana wa mita moja. Matawi yamekatwa kwa msumeno wa mpini mrefu na kubebwa mbali. Ukifyeka zaidi ya hapo, kulungu mkubwa huzunguka uwazi mpya.

Septemba: upinde na mishale

Upinde ni wa kompaundi, yaani wenye magurudumu kwenye ncha yanayopunguza uzito ukishavutwa, paundi 60. Sheria ya Ohio inataka zisipungue 40, na kigumba kiwe na makali yasiyopungua mawili na upana usiopungua robo tatu ya inchi. Mishale ya sumu na ya kulipuka ni marufuku. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka sumu, na kwao jeraha dogo linatosha. Hapa makali peke yake ndiyo yanayofanya kazi, kwa kukata mishipa, hivyo ukali wa wembe na mahali unapopita ndiyo habari yote.

Uzito wa paundi umepimwa kwa kipimo rahisi: kaa kwenye kiti ukiwa na koti la baridi, inua miguu kutoka sakafuni, vuta polepole bila kuinua upinde kuelekea mbinguni. Asiyeweza apunguze paundi tano. Baada ya saa tatu za kukaa kwenye nyuzi 0 misuli si ile ya Septemba, na mwendo wa kuinua mikono ndio unaoonwa na kulungu. Ukishavuta hadi mwisho, upinde wenye upungufu wa asilimia 80 unakuachia paundi 12 tu za kushikilia, kwa hiyo tatizo ni mvuto wa mwanzo.

Mshale mzima una greni 450, karibu gramu 29, na kigumba cha greni 100 chenye wembe tatu zisizokunjika. Kila mshale umezungushwa juu ya kucha na kigumba chake. Ncha ikiyumba, kiungio kimekaa upande na mshale huo hauendi msituni.

Kisha vigumba vinalinganishwa na ncha za mazoezi kwa yadi 20 na 30. Vigumba vilipiga kushoto kwa upana wa vidole vitatu kwenye yadi 30. Dawa si kusogeza pini ya kulengea. Pini ikisogezwa ncha za mazoezi zinapotea. Egemeo la mshale linasogezwa kulia, kuelekea unakotaka vigumba viende, chini ya milimita moja kwa mara, mpaka makundi mawili yaingiane. Kama mshale ukipigwa kupitia karatasi mkia wake unachana kwa juu, egemeo lipandishwe kidogo au kitanzi cha upote kishushwe.

Kuhusu kulungu kuukwepa mshale: hajui kwamba kuna mshale, anasikia mlio wa upinde na kujikunyata chini ili aruke. Mshale wetu huenda kama mita 79 kwa sekunde, sauti zaidi ya mara nne ya hapo. Kwa yadi 20 sauti hufika sekunde 0.18 kabla ya mshale. Kwa yadi 30, sekunde 0.27. Tukikadiria kwamba sehemu ya kumi ya sekunde huishia kwenye kustuka, na hawezi kushuka haraka kuliko kitu kinachoanguka, atakuwa ameshuka kama sentimita 3 kwa yadi 20 na zaidi ya 13 kwa yadi 30. Hizo 13 ndizo tofauti kati ya mapafu na nyama ya juu ya mgongo. Mpaka wa mradi umewekwa yadi 25, na shabaha ni theluthi ya chini ya kifua. Upinde wenye kasi zaidi haubadilishi hesabu hii sana. Upinde ulio kimya unasaidia zaidi, na nta kwenye upote pamoja na vipande vya mpira ni bei ya chai.

Oktoba, wiki mbili za mwanzo

Mialoni myeupe imezaa sana mwaka huu. Matunda yake yana ukakasi kidogo kuliko ya mwaloni mwekundu na kulungu huyamaliza kwanza. Matokeo yake soya imeachwa na dungu C limekuwa kama halipo. Kamera ya pale inapiga rakuni tu, wanyama wadogo wa usiku. Siyo hitilafu. Mwaka ambao mialoni haizai, C ndilo linalofanya kazi.

Kamera za mtego zimefungwa mita 2 juu na kuinamishwa, kwa sababu kamera iliyo usawa wa macho ya kulungu hukaguliwa kwa pua. Betri ni za lithiamu. Za kawaida hulegea kwenye baridi. Kadi hubadilishwa saa sita mchana siku ya mvua, na mtu aliyevaa buti za mpira.

Vipulizio vya kuua harufu havimo katika bajeti. Nguo safi na buti safi ni sawa, lakini mtu anayepumua kwa saa nane juu ya mti ananuka kama mtu, na jibu lake ni upepo.

Na upepo wa utabiri si upepo wa kilimani. Sufi ya gugu lenye utomvu mweupe, Asclepias, huiva sasa kando ya mashamba. Mfuko mdogo unatosha msimu. Ukiachia unyuzi mmoja kutoka jukwaani, unauona mpaka mita mia. Alfajiri kwenye B unashuka moja kwa moja korongoni, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na huteremka. Kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, jua likishapiga mteremko, unasimama, unazunguka, kisha unaanza kupanda. Jioni, mara kivuli kikifunika mteremko, unashuka tena. Kwenye A sufi ilifanya jambo baya: upepo chini ya kilomita 10 kwa saa unajikunja kipitoni na kurudi ulikotoka. Kanuni ya A ikaandikwa upya, liwe la upepo wa kilomita 15 na zaidi tu.

Oktoba 24 – 31

Misuguo imeongezeka kwenye miti minene kuliko kifundo cha mkono. Kinachoanzisha haya yote ni kupungua kwa urefu wa mchana, si baridi, na ndiyo maana kilele hakihami mwaka hadi mwaka. Mimba ni siku kama 200. Ndama wakizaliwa mwishoni mwa Mei hukuta majani na maziwa ya kutosha. Joto la nyuzi 22 halizuii kupandana, linahamishia usiku.

A na B bado hayajakaliwa. Kishawishi ni kikubwa, lakini jike mmoja anayekugundua mtini huanza kuangalia juu kila anapopita, na wanaomfuata hujifunza kwake.

Novemba 1 – 6

Saa zimerudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi. Jua sasa linachomoza karibu saa moja kamili asubuhi na kutua saa kumi na moja na dakika ishirini hivi jioni. Sheria inaruhusu kuanzia nusu saa kabla ya kuchomoza hadi nusu saa baada ya kutua. Mtu awe ameshatulia jukwaani saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Kuingia B ni kwa kupanda ndani ya kijito cha korongo. Maji yanaficha hatua na harufu, na majani makavu ya mgongoni, yanayolia kama mfuko wa chipsi, yanaepukwa. Upinde haupandwi nao. Unafungwa kwenye kamba, podo limefunikwa, makali yanaangalia chini, na unavutwa juu baada ya mtu kujiunga na mti.

Sasa kukaa ni kutwa. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana madume hutembea kutoka malalo moja ya majike hadi mengine, na huo ndio wakati wengi huwa wameshuka kwenda kula. Mkoromo mfupi wa kipulizo cha kuigiza sauti ya dume hutolewa kwa dume anayeonekana na anayekwenda zake, kamwe si kwa anayekuja. Kugonganisha pembe kwa mikono, kuigiza madume yanayopigana, kumeleta madume madogo yanayozunguka upande wa chini ya upepo, yaani kwenye kingo za korongo, na kuishia hapo.

Novemba 7, dungu B

Nyuzi 2 alfajiri, upepo wa kusini-magharibi wa kilomita 12. Saa nne na robo jike alipita mbio kwenye kitambarare, mkia umelala upande. Dume alifuata dakika tatu baadaye, pua chini. Alisimamishwa kwa mlio mfupi wa mdomo kwenye kichochoro cha pili, yadi 19. Alipiga hatua moja mshale ukiwa njiani.

Mshale ulitokea upande wa pili na kuchoma ardhi. Haukuguswa kwa nusu saa. Kisha ukasomwa pale pale. Nywele nene za kahawia, hakuna nyeupe za tumboni. Damu nzito ya rangi ya maini, bila povu, imepaka mshale wote mpaka kwenye manyoya. Hakuna majani yaliyotafunwa, hakuna harufu ya utumbo. Hilo ni ini. Povu la waridi lingekuwa mapafu, na nusu saa ingetosha. Kijani na uvundo vingekuwa matumbo, kusubiri kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Kwa ini ni muda wa saa nne hadi sita: mnyama wa hivyo hulala karibu, akiachwa hufia pale alipolala, akikurupuliwa huinuka na kwenda bila kudondosha damu.

Ufuatiliaji ulianza saa tisa alasiri. Mmoja anatembea kando ya damu, si juu yake; mwingine anabaki kwenye tone la mwisho. Alama ni vipande vya karatasi ya chooni, vinavyooza vyenyewe. Mita 40 za kwanza matone yalikuwa upande wa chini wa majani, yaliyogeuzwa na kwato. Baada ya hapo damu iliyo bora ilikuwa kwenye miche, usawa wa goti, upande wa kulia tu. Malalo ya kwanza yalikuwa na kidimbwi cha upana wa sahani, na dume amelala mita 15 mbele yake, amekufa. Umbali wote mita 110. Kama damu ingekatika, Ohio inaruhusu mbwa wa kufuatilia mradi awe kwenye kamba. Na kama angevuka mpaka wa shamba, ruhusa ya jirani ingetafutwa kwanza.

Kabla ya kumsogeza: kitambulisho cha kuandika mwenyewe, chenye jina, tarehe, saa na kaunti, kikafungwa kwenye pembe. Taarifa kwa mtandao wa jimbo hutolewa kabla ya saa sita mchana ya kesho yake, na nambari ya tarakimu 18 inayorudi inaandikwa kwenye kitambulisho hicho hicho. Kwa wawindaji Waislamu, Bismillahi huwa imeshasemwa wakati wa kuachia mshale.

Kupasua: zungushia kisu mkundu na uvute kwanza, ili kibofu kisipasuke. Fungua ngozi ya tumbo kwa vidole viwili vikitangulia kisu. Kata kiwambo, ingiza mkono hadi kooni, kata koromeo, vuta vyote kwa pamoja. Kwa kuwa mchana ulifika nyuzi 9, mifuko miwili ya barafu iliwekwa kifuani mara moja; nyama ya paja huanza kuharibika kutokea mfupani, ndani, ambako huoni. Sarara mbili za ndani zilitolewa jioni ile ile, nyama iliyobaki ikaning'inizwa kwenye nyuzi 2 hadi 4. Ubongo, uti wa mgongo, macho, wengu na tezi havikukatwa wala kuliwa, kwa sababu ya ugonjwa wa kukonda wa kulungu, ulioonekana kwa kulungu wa porini wa Ohio kwa mara ya kwanza mwaka 2020, kaunti ya Wyandot. Kaunti ya Athens iko mbali na eneo hilo, lakini kutoa nyama kwenye mifupa bila kukata uti si kazi ya ziada.

Novemba 12 – 20

Kamera zimenyamaza ghafla. Dume anapompata jike aliye kwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa, hukaa naye siku moja hadi mbili, mara nyingi pembeni kusiko na njia: kipande cha nyasi ndefu, kichaka nyuma ya banda. Ishara iliyosaidia ni ndama wa mwaka huu anayezurura peke yake, amefukuzwa kwa muda. Mama yake yuko karibu na hayuko peke yake. Kibali kilichobaki ni cha jike, kwa hiyo A lilikaliwa siku zenye upepo wa kutosha.

Wikiendi ya vijana wenye bunduki iko katikati ya kipindi hiki. Mwenye upinde naye lazima avae kizibao cha rangi ya chungwa, hata akiwa mtini.

Desemba

Majike wasioshika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku kama 28, pamoja na baadhi ya majike wadogo wanaoanza sasa. Mwendo upo ila ni mdogo. Chakula kimekuwa na nguvu kuliko kupandana, na C limeanza kupata wageni kwenye soya iliyomwagika wakati wa kuvuna.

A na B yameshushwa baada ya wiki ya bunduki. Mkanda wa juu wa B ulikuwa umetafunwa na kindi upande wa nyuma ya shina, karibu nusu ya upana, mahali ambapo mtu aliyekaa hawezi kupaona. Mikanda yote ya kukazia inabadilishwa msimu huu. Vipande vya ngazi vimeachwa viwili tu vya juu, vimelegezwa, kwa kuwa shina linanenepa na mkanda uliokazwa mwaka mzima hujikata wenyewe au kuzama kwenye gome. Kwa mwakani, A linahamia mita 60 kusini-mashariki, juu ya kipito, ambako sufi ilikwenda moja kwa moja hata kwenye upepo wa kilomita 8. Mti ni mwaloni mwekundu wa kipenyo cha sentimita 38, na umeshatiwa alama ya chokaa upande wa mashariki.